Hesabu ya Mtoto wa Nne

Mwezi uliopita, tulipomzika Mchungaji Yosia kule Maliba, watu wa baraza la kanisa waliniomba nizungumze dakika tano kwa niaba ya vijana aliowalea. Nilikataa, nikasema nina mafua. Ukweli ni kwamba dakika hizo tano nilikuwa nimeshaziandika mara kadhaa, na kila mara ziligeuka kuwa habari za damu, maharage na harusi ya watu wengine, mambo ambayo hayasemwi mbele ya jeneza. Nikakaa chini ya turubai nikawasikiliza waliosema kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani. Sikatai. Lakini mimi nilimfahamu kama mtu wa kubishana, aliyekuwa tayari kuacha chakula kipoe ili amalize hoja, na nilimfahamu hasa katika mwaka mmoja, ule wa kwanza baada ya kumaliza chuo. Nadhani kila kitu ninachokifahamu kuhusu kazi yangu nilikipata mwaka ule, na sehemu kubwa yake niliipata kwa kukosea.

Nilikuwa nimerudi Kasese na shahada ya biolojia ndani ya bahasha ya plastiki. Kwa miezi mitatu nilipeleka barua za kuomba kazi, kisha nikawa naamka usiku kuzisahihisha zile nilizokwisha kuzipeleka. Mchungaji ndiye aliyenitafutia nafasi ya kujitolea katika maabara ya zahanati ya kanisa, Bwera. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya vigae, hadubini, friji iliyozimika kila umeme ulipokatika, na benchi nje ya mlango ambapo wagonjwa walizungumza kana kwamba ukuta ni wa jiwe, kumbe ulikuwa wa mbao. Nilipanga chumba nyuma ya ghala la Hajji Sulaimani, mfanyabiashara mwenye malori mawili yaliyobeba kahawa, chumvi na samaki wakavu, na nguo zangu zote zikanuka vitu hivyo vitatu. Asubuhi nilimsikia Hajji kupitia ukutani akiwatania madereva wake Wakristo: "Nyinyi majina ya wachumba mnasoma kanisani Jumapili tatu, kama mutu anatafuta ng'ombe iliyopotea. Sisi tunauliza mara moja, halafu tunakula pilau." Madereva walimjibu kwamba ndiyo maana yeye amekula pilau mara tatu.

Siku za Alhamisi nilikula kwa Mchungaji. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya kitabu cha hesabu. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi kabla ya kuitwa kwenye uchungaji. Mke wake alileta bundu, ugali wetu wa muhogo unaovutika, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa karanga, kisha akaketi kusikiliza huku akijifanya anafuma. Sote pale tulizungumza Lhukonzo. Kiswahili kilikuwa cha kwa Hajji, cha sokoni na cha mpakani.

"Haya, nieleze tena," Mchungaji alisema Alhamisi moja. "Kwa watu wa chuo kikuu, uhai ulianzaje?"

Nilimweleza kwamba hakuna anayejua kwa hakika. Wengine wanadhani ulianzia kwenye maji ya moto yenye madini, ambapo molekuli fulani ziliweza kujinakili zenyewe.

"Maji ya moto yenye madini tunayo huku huku mlimani," alisema. "Mbona nayaona yakitoa wazee wa baridi yabisi tu wanaokwenda kuoga?"

"Ilichukua muda mrefu, Mchungaji."

"Muda Mungu anao. Udongo, maji, kisha pumzi. Kuhusu udongo sigombani nao. Wakitaka kuanzia kwenye chungu hiki au kile, sawa. Mimi nauliza aliyekoka moto."

Ningeweza kuishia hapo, lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua tangu mwaka wa pili wa chuo. Nikamwambia kwamba kila seli inapojinakili hukosea kidogo, na kama isingekosea hata mara moja, tungebaki vijidudu vya kwenye maji ya moto mpaka leo. Kosa ndilo mlango tuliopitia.

Akaweka tonge chini. "Unaniambia kosa lilikuwepo kabla ya Adamu?"

"Nakuuliza."

"Kula sombe," alisema, akaokota tena tonge lake.

Mwaka huo kanisa letu lilikuwa limeweka kanuni mpya, na aliyeipigania alikuwa yeye. Wachumba walitakiwa kupima damu, waone kama wanabeba selimundu, ugonjwa ambao huku wote huuita sikoseli. Kabla ya tangazo la tatu la ndoa, walileta majibu pamoja na barua ya mshauri kuthibitisha kwamba wameelewa maana yake. Mshauri nilikuwa mimi. Ili kuwaandaa waumini, Mchungaji alihubiri mahubiri ambayo watu waliyapenda sana. Alisema damu ya Adamu ilikuwa duara kama sarafu, na dhambi ndiyo iliyoikunja ikawa kama mundu. Nilikuwa kwenye kwaya, na kutoka pale juu nilimwona mama mmoja akivuta kitenge chake mabegani. Jumapili iliyofuata alikuwa amehama kutoka safu ya tatu hadi ya mwisho, karibu na mlango. Niliona, nikajiambia kwamba labda anataka hewa.

Mama huyo alikuwa Mama Biira. Alikulia upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Binti yake, Biira, aliuza vitenge soko la Mpondwe na alikuwa mchumba wa Thembo, kijana aliyeziba magurudumu kwenye njia panda ya Kikorongo. Majina yao yalisomwa mara ya kwanza Jumapili moja ya mwezi wa tano. Jumatano nilipima damu zao. Wote wawili walikuwa wabebaji: wazima kabisa, lakini kila mmoja na nusu moja nzuri na nusu moja mbovu. Niliwapa majibu. Thembo akasema, kwa adabu yake, kwamba maelezo wayapate wazee kwanza, ndivyo inavyokwenda. Kwa hiyo baada ya tangazo la pili, pande zote mbili zilikutana kwa Mama Biira, saa saba mchana.

Chumba kilikuwa kidogo na watu walikaa magoti yakigusana. Upande wa Thembo uliongozwa na baba yake mdogo, Afande Kule, mwanajeshi mstaafu aliyezungumza Kiswahili cha kambini hata na kuku wake. Upande wa Biira ulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mpole, aliyesikia vizuri kwa sikio la kushoto. Kwa desturi, bwana harusi alibaki nje chini ya upenu na vijana wenzake, na Biira alikuwa jikoni, lakini mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Nilileta vikombe viwili, kila kimoja na harage jekundu na harage jeupe, kimoja cha baba na kingine cha mama. Nikachomoa moja hapa, moja kule, nikawaonyesha njia zote nne zinavyoweza kutokea. Jekundu kwa jekundu ndiye mgonjwa. "Mmoja kati ya wanne," nilisema, nikajisikia nimefanya kazi nzuri.

"Mwalimu, fupisha!" Afande alisema. "Kati ya watoto ine, mumoja mugonjwa. Sivyo?"

"Ndiyo, Afande, kwa wastani, yaani—"

"Wastani kaa chini. Watatu wazima, wa ine mugonjwa. Basi ni Kule." Akajipiga kifua. "Hata mimi ni Kule. Mama yangu alisema, wa ine ni mutu wa shida tangu tumboni."

Watu wakacheka. Kwa msomaji asiye wa kwetu, niseme kwamba sisi majina yetu yanahesabu. Mvulana wa kwanza wa mama ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mtoto hazaliwi tu. Anazaliwa mahali pake kwenye foleni, na mahali hapo ndipo jina lake. Ukiwaambia watu wa namna hiyo "mmoja kati ya wanne", wao hawasikii bahati. Wanasikia mtu, na wanajua anavyoitwa.

"Ngojeni kwanza," mzee wa kanisa alisema, akigeuza sikio lake. "Wa nne kwa wavulana, au wa nne kwa wote? Maana Biira akizaa Masika, kisha Baluku, kisha Bwambale, kisha Masereka, huyo wa nne ni Masereka. Kule mnamsingizia."

"Ugonjwa haijui gauni ao suruali," Afande alisema. "Hesabu wote."

"Na wakiwa pacha?"

"Pacha ni mumoja. Walikuja na gari moja."

"Basi wazae watatu, wafunge."

"Watatu, imekwisha. Andika!" Afande aliniambia. "Tumeelewa. Chakula iko wapi?"

Nilikuwa na sentensi ya kuwasahihisha. Nakumbuka hata ilivyoanza. Lakini nilitaka kwanza niifanye isimwaibishe Afande, kisha isimwaibishe mzee wa kanisa, na nilipokuwa bado naipanga, sahani ziliingia na sala ikaombwa. Mama Biira alipiga magoti, akaokota maharage yangu manne kutoka mezani, akayarudisha kwenye vikombe moja moja, jekundu na jeupe huku, jekundu na jeupe kule, sawasawa kama nilivyokuja nayo.

Jumatatu na Jumanne niliandika barua ya mshauri. Niliandika "wameelewa", nikafuta, nikaandika "wameelezwa". Nilijiambia kwamba neno hilo la pili ni kweli tupu. Kisha nikaona kwamba nililichagua kwa sababu ni kweli tupu. Jumatano alasiri nilikwenda kwa Mama Biira, nikawakuta jikoni wawili hao, mama akitwanga sombe na Biira akipuliza moto. Nilianza kueleza kwamba wazee walikosea, kwamba kila mtoto ni mwanzo mpya wa hesabu.

Mama Biira aliacha mchi ndani ya kinu. "Musomi, uko unahesabu mbegu. Hii nyumba haukuhesabu. Mutoto wangu mukubwa ni nani?"

"Biira."

"Biira ni wa ngapi?"

Nilifungua mdomo. Nimezaliwa na majina haya. Nimeyasikia kila siku ya maisha yangu, na kwenye fomu niliandika jina lake kwa mkono wangu mwenyewe. Wa pili. Biira ni wa pili.

"Basi wa kwanza iko wapi?" aliuliza. "Masika wangu alikufa na myaka ine. Mikono ilikuwa inavimba, analia usiku na muchana. Hakukuwa wa ine, alikuwa wa kwanza. Ulize Mchungaji wako, wewe unayekula kwake: mutoto wa myaka ine, zambi gani alifanya mpaka damu yake ikunjike?"

Nikatazama moto.

"Mimi nilijua tangu Jumapili," Biira alisema. Hakuwa na hasira bado. "Mama anajua, mimi najua. Wao wamesema wa nne. Wacha wakae na wa nne wao. Afande akisikia kwamba hata wa kwanza anaweza, jina langu litatolewa kabla ya Jumapili. Watasema ni nyumba yetu. Tayari wanasema."

"Na Thembo?"

"Thembo nitamwambia mimi."

"Lini?"

Alipuliza moto kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. "Nikishaingia ndani. Sasa sema, barua unaiandika au huiandiki?"

Nilisema nitafikiri. Alicheka, kicheko kifupi. "Hiyo ndiyo kazi uliyosomea."

Alhamisi nilimpelekea Mchungaji swali la Mama Biira kama lilivyo. Mke wake aliacha kufuma. Nikamkumbusha jambo ambalo niliwahi kumwambia na yeye akasema ni gumu kulihubiri: kwamba mwenye nusu moja tu ya jeni hiyo mara nyingi huokoka na malaria kali inayowaua wengine, na ndiyo sababu jeni imebaki katika nchi zenye mbu kama yetu. Haikuwekwa na dhambi ya mtu. Iliwavusha watu. Ila waliovuka hukutana, wakazaa, na mtoto mmoja akalipia.

"Kama ilikuja na anguko," nilisema, "basi anguko hilo limewaokoa wazee wetu wengi."

Mchungaji alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Nilifundisha hesabu," alisema hatimaye. "Nilipaswa kujua tofauti ya mfano na jibu. Nilipata mfano mzuri nikaushangilia, na kumbe nilikuwa nimemvisha dhambi mama wa watu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, barua?"

"Nifanye nini?"

"Sikuagizi uandike wala uache. Jina la chini litakuwa lako. Ila niambie, katika jambo hili ni nani ambaye hajaelewa na anapaswa kuelewa?"

"Thembo."

"Basi mbona uko kwangu?"

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la Hajji lililokuwa linakwenda Kasese na kahawa, nikashukia Kikorongo. Njia panda ilikuwa na kelele zake za kawaida: wauza ndizi wakikimbilia madirisha ya basi, madereva wakigombana kuhusu nani alifika kwanza. Thembo alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizamisha mpira wa ndani ili aone mapovu yanapotoka. Aliponiona alifuta mikono na kunitafutia gurudumu la kukalia. Niliogopa kwamba nikianza taratibu sitamaliza, hivyo nilisema yote mara moja. Si wa nne. Anaweza kuwa wa kwanza. Wanaweza kuwa wawili mfululizo. Inawezekana asiwepo hata mmoja. Hakuna ajuaye, mimi pia sijui.

Alirudisha mpira majini. "Kama misumari barabarani," alisema. "Gari la kwanza likipasuka gurudumu, hilo halilindi la pili. Kila moja linapita na magurudumu yake."

"Ndivyo."

"Hii ni bora kuliko maharage. Mbona hukuwaambia hivyo?"

"Sikujua habari za magurudumu."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Biira anajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na majibu yangu yote ya njiani yalikuwa ya kukwepa. "Anajua," nilisema. "Anaogopa."

"Mimi?"

"Kwamba utamwacha."

Dereva mmoja alipiga honi akidai gurudumu lake. Thembo alimwinulia mkono asubiri. Hakuniambia atafanya nini, nami sikuuliza. Nilipoondoka alikuwa bado ameshika mpira ule ndani ya maji, ingawa tundu lilikwisha kuonekana. Jioni nilimaliza barua. Niliandika kwamba wachumba wote wawili wameelewa, nikatia sahihi, nikaipitisha chini ya mlango wa Mchungaji. Nilipopita sokoni Biira aliniona. Habari zilikuwa zimetangulia. Aligeuza uso, akaendelea kukunja kitenge.

Jumapili kanisa lilijaa, kwa kuwa Bwera ni mji ambao habari hukaa na watu kabla hazijatokea. Biira na mama yake walikuwa karibu na mlango. Afande Kule alikaa mbele na ukoo wake. Kabla ya matangazo Mchungaji alishuka kutoka madhabahuni, akasimama sakafuni, na kusema kwamba mahubiri yake ya damu iliyokunjika yalikuwa na kosa, kwamba amemwomba Mungu msamaha, na sasa anamwomba mama mmoja ambaye hatamtaja ili asimtese mara ya pili. Hakufafanua zaidi. Kisha akasoma majina mawili, mara ya tatu, na kuuliza kama kuna mwenye kujua kizuizi.

Thembo alisimama. Nilishika ubao wa kiti cha mbele yangu.

"Mimi sina kizuizi," alisema. "Nina maneno. Wazee walielewa kwamba mtoto wa nne ndiye atakuwa mgonjwa. Si hivyo. Anaweza kuwa yeyote, hata wa kwanza. Biira anajua, mimi najua, na tunaoana. Lakini mtoto wa namna hiyo mara nyingine huongezwa damu, na huwa inatafutwa mbio. Kwa hiyo anayetaka kutuletea vikombe na mashuka, aache. Aende zahanati apimwe kundi la damu, aandikwe jina. Siku ikifika, tutakuja kwake."

Aliketi. Afande alisimama papo hapo. "Huu ugonjwa ni ya nyumba ile pale!" alisema akinyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Kwetu haiko! Haijawahi kuwa!" Akatoka kwa mwendo wa gwaride, na watu wanne wa ukoo wakamfuata. Mama Biira hakuinamisha kichwa. Mchungaji alisubiri mlango ufungwe, akasema, "Kilichosemwa wazi si kizuizi," na akataja wimbo. Tuliimba vibaya sana.

Walioana mwezi uliofuata. Watoto wao walikuja baadaye, na habari zao si zangu kuzisimulia. Biira alikaa karibu mwaka mzima bila kunisemesha, kisha siku moja akanipunguzia bei ya kitenge bila kueleza kwa nini. Ninachokumbuka zaidi si harusi. Ni Jumatatu iliyotangulia, siku moja baada ya tangazo la tatu.

Nilifika maabara saa moja asubuhi nikitarajia watu thelathini kwenye benchi. Alikuwepo mmoja, Afande Kule, mgongo wima, mkono wa shati umekwisha kukunjwa.

"Chukua damu," alisema. "Haraka, kabla sijabadilisha mawazo."

"Afande, jana—"

"Jana ilikuwa jana. Yule ni mutoto wa kaka yangu. Nikikataa damu, nitampatia nini, saluti? Chukua!"

Kundi lake lilikuwa O. Nikaandika. Hakuinuka.

"Pima na ile ingine," alisema. "Ya sikoseli. Ili niwaonyeshe kwa karatasi kwamba kwetu haiko."

Kipimo hicho huchukua kama dakika kumi. Ili zipite, alinisimulia habari ambayo, alisema, huitoa kama ushuhuda kila mwaka. Zamani, akiwa kijana jeshini, kikosi chao kilikaa msituni upande wa mpaka msimu mzima wa mvua, na homa ikawaangusha mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakuamka. Yeye alibeba maji, akabeba bunduki zao, akawazika watatu, na hakulala hata siku moja. "Wote walilala chini. Mimi Mungu alinikataza kulala. Tangu nizaliwe malaria haijawahi kunilaza. Uliza mutu yeyote."

Nilitazama kipande cha karatasi. Mistari ilikuwa dhahiri. Nilifikiria kurudia kipimo. Nilifikiria kusema kwamba majibu yatatoka kesho, au kumwita Mchungaji, au kumpa tu karatasi aisome mwenyewe. Afande aliona uso wangu.

"Sema kama askari."

"Unayo, Afande. Nusu moja. Kama Thembo. Kama Mama Biira na mume wake."

Nje, mtu wa pili alikuwa amefika na kuketi kwenye benchi.

"Mimi sijawahi kuugua," alisema taratibu.

"Najua. Mwenye nusu haugui. Na malaria kali huwa haimwezi sana. Siwezi kuapa, lakini huenda hiyo ndiyo iliyokusimamisha kule msituni."

"Ile iliyonilinda."

"Ndiyo."

"Ndiyo ile iliua mutoto wa yule mama."

"Ile ile, Afande. Yake ilikuwa mbili."

Alikaa akitazama mkono wake mahali nilipochoma, pamba ikiwa bado imeshika. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa kunijaribu: "Na Mungu? Mungu unamuweka wapi hapo?"

Nilikuwa na miaka minne ya chuo na Alhamisi nyingi za sombe. "Sijui pa kumweka," nilisema.

Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo. "Basi usimuweke. Atajipanga yeye mwenyewe. Wewe andika: Kule, O, akiitwa anakuja. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nilisoma. Aliitikia kwa kichwa, akatoka, akampa mtu wa benchi amri ya kukunja shati mapema asipoteze wakati wa mwalimu. Kupitia dirishani nilimwona akisimama ukingoni mwa barabara, magari ya Kasese yakimpita na kumpigia honi. Hakupanda hata moja. Alivuka, akakata kushoto penye duka la mbegu, akaanza kupanda ile njia ya udongo inayokwenda kwa Mama Biira.